Tiketi Mbili, Sanduku Moja

Jumapili, 8 Machi

Tiketi zimekamilika. Ya kwanza kanunua shemeji huku nyumbani, ya pili kanunua mume wangu kule anakofanya kazi, na kila mmoja anajisifu kapata ya bei nafuu. Ni kama suruali moja iliyoshonwa na mafundi wawili, kila fundi mguu wake. Wa kuivaa ni mimi.

Mchana wifi kanifanyisha mazoezi sebuleni. Yeye askari wa uwanja wa ndege, kavaa miwani ya mama mkwe. Kaniuliza naenda wapi. Nikamjibu, kwa mume wangu kipenzi. Kasema jibu kwa ufupi, mapenzi baki nayo. Tumecheka mpaka Kijino kaamka. Mwanangu ana jino moja tu, na baba yake hajawahi kumbeba hata siku moja. Kwa hiyo nitafika. Hata kwa kutambaa.

Jumatano, 11 Machi

Sanduku limejaa, shemeji kalikalia ndipo zipu ikakubali. Nikamuuliza, nikishuka kule katikati kubadilisha ndege, sanduku nalifanyaje? Kanicheka.

"Shemeji, mzigo unajua njia kuliko wewe. Utalikuta mbele."

Nimeona aibu kuuliza tena.

Alhamisi, 12 Machi

Niko nchi ya watu! Ndege ya kwanza salama. Kijino kamtapikia mama wa kiti cha jirani, mfanyabiashara wa viatu, na bado mama wa watu kambeba. Nikashuka kwa maringo kama mwenyeji. Nikachagua kiti kizuri dirishani kwenye ukumbi wa kusubiria, nikanyonyesha, nikajipiga na picha. Hata kausingizi kakanipitia. Msafiri mzoefu mimi.

Mara mama wa viatu huyo, anapita. Kanishangaa.

"Bado uko hapa? Mzigo umechukua?"

Nikamwambia utanitangulia. Kaomba tiketi zangu, kazisoma.

"Utakutangulia na nani, binti? Tiketi zako kila moja na shirika lake. Hawa wa pili hawajui kama una sanduku. Wewe mwenyewe hawakujui. Pita uhamiaji, chukua mzigo, zunguka upande wa wanaoondoka, uanze moja."

Nikasema, lakini shemeji yangu alisema... Kaniuliza, huyo shemeji kapanda ndege lini? Nikafungua paspoti. Kumbe ndiyo maana mume wangu alihangaika kunitafutia viza ya kupita hapa. Mimi nilidhani ni pambo la paspoti.

Baadaye

Sanduku nimelipata. Lilikuwa peke yake kwenye mkanda, linazunguka kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Nimekimbia nalo, Kijino kifuani, toroli gurudumu moja linavuta kushoto. Nimegonga nguzo. Nimeiomba nguzo radhi.

Kaunta ya ndege ya pili — watu wameshaisha. Dada wa kaunta kaangalia paspoti, kaangalia saa, kanieleza kwa vidole. Wewe na mtoto, sawa, mkikimbia. Sanduku, hapana, kupokea mizigo kumefungwa. Kiingereza changu cha shule kiliishia kwenye kumwamkia mwalimu, lakini kichwa kikitikiswa vile hakihitaji mkalimani. Nikatoa simu nimwonyeshe picha ya baba mtoto. Kijino akaona uso wa baba yake, akalamba kioo. Dada akatabasamu kidogo, akachukua paspoti zetu, akaenda kumuuliza mkubwa wake kama sanduku litapokelewa. Mimi kaniamuru kwa kiganja: hapo hapo.

Basi nipo hapo hapo, sakafuni, sanduku limefunguliwa mbele ya umma. Ndege ikiondoka, tiketi ya pili imekufa, na ya tatu hakuna wa kuninunulia. Naandika kidogo, navaa kidogo; sanduku likikataliwa, angalau nguo ziende nami. Gauni la pili juu ya la kwanza. Sweta. Koti ninalompelekea mume. Nimekuwa kama godoro lililofungwa kamba. Nepi zimeenea kwenye begi la mkononi, na vinguo vya Kijino nimevisokota mifukoni. Sufuria mpya alizonipa mama mkwe zinanitazama. Sufuria hazivaliki. Nimezifunika na taulo, nisizione.

Kuna baba kasimama na familia yake ananitazama kama sinema. Tazama tu, baba, ni bure.

Mlango wa nyuma ya kaunta umefunguka. Dada anarudi na mwanaume mwenye redio ya mkononi. Nyuso zao hazisemi kitu.

Kijino nimeshamfunga mgongoni. Sanduku sijalifunga.