Mama Syombua Akivuka Barabara

Mwaitu, mama yangu,

Mutinda amerudisha magunia yake. Nimeona nianze na hilo, kwa sababu najua hata huko uliko ungeniuliza hilo kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula.

Yalikuwa yamefika mpaka kwa geti, mama. Ndengu, pikapu nzima, na yeye mwenyewe amekaa kwa usukani kama chifu. Na yakarudi yalikotoka. Wacha nikueleze. Mtoto amelala, na unajua akilala mchana hakawii kuamka.

Siku ya kukuzika, watu wakiwa bado wanakunja hema, kaka yangu Mutinda aliniita nyuma ya nyumba, pale kwa tangi. Akaniambia vile vyumba viwili vya wageni vitakuwa stoo yake ya mazao. "Mwikali," akasema, "wageni walikuwa wa mama. Mama ameenda." Mtoto wangu Mbithe, wajina wako, alikuwa mgongoni, wa miezi mitatu tu, na maziwa yamenilowesha blauzi. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikamwambia tu: nipe mpaka ndengu zivunwe. Akafikiria, akasema sawa. Zikivunwa na vyumba bado ni vitupu, anafungua milango anaweka mazao.

Vyumba vyenyewe ni vile ulivyojenga kwa miaka yako ya kupika shuleni. Uliviwekea mapazia ya buluu wakati madirisha yako bado yana leso.

Nilidhani nitaweza. Kwani ulikuwa unafanya nini cha ajabu? Unashika simu mbele ya mdomo kama kipande cha muwa, unaongea. Mgeni ameuliza tu neno la siri la waifai, na wewe unaanza mbali: hamjambo huko barabarani, mmetoka salama, kuna mtoto kwa gari, msiendeshe na njaa, uji upo. Neno la siri linakuja mwisho kabisa, kama umelikumbuka njiani. Nilipokuambia siku hizi kuna programu ya kujibu wageni yenyewe, uliniangalia vile ulikuwa unaangalia maziwa yaliyoharibika. "Mtu hapokelewi na mashine, Mwikali. Hiyo ni dip ya ng'ombe, wote wanapitishwa maji yale yale." Nikacheka, nikaachana nayo.

Lakini mimi si wewe. Nina mtoto wa kunyonya, nina mashuka ya kufua, na baba Mbithe yuko Voi kazini, tunamwona mwisho wa mwezi. Na simu inalia maswali yale yale. Maji ya moto yapo? Gari litalala wapi? Kutoka kituo cha treni ni mbali? Geti ni rangi gani? Ile siku nilipeleka Mbithe kliniki kupimwa uzito, foleni ikanishika tangu asubuhi, simu iko chini ya nepi ndani ya mkoba. Kumbe kuna familia iko njiani kuelekea Mombasa, inauliza kama chumba kiko. Nikaja kujibu, wao wameshapita Kibwezi. Mwingine naye aliandika kwa ukurasa wetu wa mtandaoni: "Mwenyeji hajibu." Maneno mawili tu, mama, na kila anayefungua anakutana nayo kwanza.

Wageni wakakatika. Nikawa nafua yale mapazia ya buluu na hakuna mtu ameyachafua. Huko shambani ndengu zinatoa maua.

Ndipo nikaenda Malili kwa Ndinda, yule tulisoma naye. Siku hizi anaweka wageni, na watoto wake ni mapacha, lakini sijawahi kumwona akishika simu kwa haraka. Akanikalisha, akanionyesha. Unaandika meseji mara moja, halafu simu inatuma yenyewe: moja mtu akishika chumba, moja siku ya kufika, moja ya kumsindikiza. Niliporudi nyumbani nilikuwa kama mtu anayekuficha kitu. Kwa hivyo nikaamua jambo moja. Kama ni mashine, basi itasema maneno yako.

Nikakaa chini na kunde za kubambua, nikafungua zile sauti ulizowatumia wageni, zimebaki kwa simu, moja baada ya nyingine, nikaandika. Hamjambo huko barabarani. Msiendeshe na njaa. Uji upo. Ile ambayo umemkatiza mgeni ukafukuza kuku, "Ondoka wewe, hapa si kwenu!", niliirudia mara nne. Nikacheka, halafu sikuwa nacheka tena. Hiyo ya kuku sikuiweka.

Ya njia niliinukuu neno kwa neno: "Mkitoka barabara kubwa, njooni mpaka muone Mama Syombua anauza matikiti maji. Ingieni njia iliyo nyuma ya mgongo wake."

Wageni wakaanza kuulizia tena, na simu ikajibu. Mimi niko shambani, imejibu. Mimi naogesha mtoto, imejibu. Nikasema asante Mungu.

Halafu mume na mke fulani wakatoka Nairobi. Saa nane, bado. Saa tisa, bado. Saa kumi wanaingia kwa geti wamejikunyata, mke amebeba sahani ya chapati. Walikuwa wamefuata meseji vizuri sana. Wakamwona Mama Syombua, wakaingia njia iliyo nyuma ya mgongo wake, wakatokea kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Na unawajua akina mama wetu. Waliona gari geni, wakapiga vigelegele, wakawakalisha mbele, wakawaambia wageni wasimame wajitambulishe. Wale watu wakaona aibu kuondoka. Walikaa mpaka maombi ya kufunga.

Kwa ukurasa waliandika: "Nyumba safi, mwenyeji mpole. Lakini tulianza na ibada." Mutinda aliposikia alishika mbavu. "Mashine yako inahubiri!" Akazunguka na hiyo hadithi Emali nzima. Mimi niliingia ndani nikalia. Niliona kama wewe mwenyewe umenikataza, kama unaniambia, si nilikuambia.

Kesho yake nikafunga Mbithe mgongoni nikaitembea hiyo njia. Asubuhi Mama Syombua alikuwa kwa kinu cha kusaga unga, ameegemea ukuta, na nyuma yake ndiyo njia yetu. Sasa makosa yako wapi? Nikakaa naye, akanikatia tikiti. Jua likapanda. Ilipofika saa sita, akasimama, akabeba kigoda, akaanza kuhamisha matikiti upande ule mwingine wa barabara, kwa ukuta wa duka la mabati. Kivuli kilikuwa kimehama. Na sasa nyuma ya mgongo wake ilikuwa njia ya kanisani.

Nikabaki nimesimama na tikiti mkononi. Nimezaliwa hapa, nimenunua matikiti kwake tangu nikiwa na meno ya maziwa, na sikuwahi kuona kwamba huyu mama anahama na jua.

"Kwani hukujua?" akaniuliza. "Mama yako alikuwa ananipigia simu kila akipata mgeni. Hata hasalimii. Ananiuliza tu: 'Umevuka?' Nikisema nimevuka anakata."

Wewe, mtu wa salamu ndefu! Kumbe zile sauti zako zilikuwa za aina mbili na mimi nilisikiliza ya asubuhi nikaona inatosha. Nilikimbia nyumbani, Mbithe anarukaruka mgongoni, nikatafuta mpaka nikapata nyingine. Uliituma saa za mchana kwa watu wa harusi ya Kasikeu: "Mtazameni Mama Syombua usoni, halafu ingieni kule anakotazama."

Sasa simu inauliza kwanza, kwa upole, baada ya salamu: mtafika kabla ya saa sita, au baadaye? Wakijibu kabla, inawatumia ya mgongo. Wakijibu baadaye, inawatumia ya uso. Haijakosea tena, mama. Kuna watu wanapiga picha na Mama Syombua kabla ya kukata kona, na amenunua kilemba kipya kwa sababu hiyo.

Basi, magunia.

Ilikuwa Jumamosi. Ndengu zimevunwa, zimepurwa. Mutinda akaja na pikapu saa saba hivi. Nilikuwa jikoni na mahindi ya muthokoi motoni, mtoto kwa titi. Akaangalia vyumba, vimefagiliwa, viko kimya.

"Vitupu," akasema.

"Vya leo vimechukuliwa vyote viwili. Wako njiani."

"Simu yako iko wapi?"

"Kwa chaja, ndani."

"Na umeongea na hao watu saa ngapi?"

"Sijaongea nao. Wameongea na mama."

Akaniangalia, mama. Nadhani alidhani huzuni imenipanda kichwani. Akaanza kufungua kamba ya gunia la kwanza. Nikamwacha. Nikaendelea kukoroga na mkono mmoja, lakini moyo wangu ulikuwa kule kwa duka la mabati, naomba tu Mama Syombua awe ameketi mahali pake.

Gunia la kwanza lilikuwa begani mwake honi ilipolia. Gari la watu watano, na mama mmoja ameshuka anacheka hata kabla ya kusalimia: "Tumemtazama usoni mpaka akatupungia mkono!" Hawajatulia, likaja la pili, la Mzee Salim wa Kitui, yule anayefuata mnada wa mbuzi, aliyekuwa analala kwako kila akipita. Akashuka polepole, akamwona kaka yangu amesimama na gunia.

"Kijana, weka hiyo chini, nishikie begi."

Na Mutinda akaweka gunia chini. Akashika begi! Natamani ungemwona, anatembea nyuma ya Mzee Salim na kofia imepinda, mpaka chumba cha mwisho.

Mzee Salim aliposimama mlangoni aliniambia, "Nilisikia Mbithe ametutoka, Mungu amrehemu. Halafu nikapata ile meseji ya uji. Nikasema, hawa watu wamenidanganya." Akafuta macho na ncha ya kanzu, nami nikaingia jikoni kama mtu anayeangalia sufuria.

Baadaye nilimkuta Mutinda ndani, amesimama kwa chaja, anasoma simu yangu. Midomo inatembea. "Ameandika msiendeshe na njaa," akasema. Alisema ameandika, mama, si umeandika. Akavua kofia, akakaa nayo mikononi. Kisha akatoka, akalirudisha lile gunia juu ya pikapu, akaifunga kamba. "Nitaweka kwangu," akaniambia. "Hata chini ya kitanda." Na kabla ya kuwasha gari akatoa kichwa dirishani: "Lakini wewe lala kidogo, Mwikali. Unafanana na mtu aliyefukuliwa."

Nimeanza kulala, mama.

Jana kulikuwa na mawingu mazito, hakuna jua wala kivuli. Nikashtuka, kwa sababu kulikuwa na wageni wa mchana na sikuwa nimefikiria siku kama hiyo. Nikakimbia mpaka barabarani. Nikamkuta Mama Syombua amehamia kwa duka la mabati, na matikiti yamepangwa, na hakuna hata doa la kivuli upande wowote. Nikamuuliza amevukia nini. Akasema, "Saa sita ni saa sita. Mama yako hawezi kupiga simu tena. Mimi nitakuwa navuka."

Ni muvea, mwaitu, asante kwa maneno uliyoacha. Yanafanya kazi kuliko mimi. Lakini usiogope dip ya ng'ombe. Mashine nimeipa maneno yako, njia, waifai na rangi ya geti, basi. Salamu ya hapa mlangoni ni yangu, na uji napika mwenyewe, na Mbithe akianza kutembea nitamfundisha kukimbilia geti akisikia honi. Na siku Mama Syombua atakapochoka kukaa barabarani, nitakwenda kwa miguu kuangalia njia upya, ndipo niandike.

Mbithe ameamka. Anakuita, ama anajiita, jina ni moja.

Lala salama. Vyumba vimejaa.

Mwikali wako