Nimekupita kwa Mbili

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa kichwa kinachonigonga kila alasiri kwa ajili ya mvuke. Hapa kwa dobi tunapiga pasi mashuka mia mbili kwa siku, na dirisha ni moja. Nyie hamjambo? Habari zako ninazo, maana Shangazi ameniandikia kurasa mbili, na ukurasa mmoja na nusu ni wewe tu. Ati siku hizi wewe ni mhudumu wa afya wa mtaa, una koti na mkoba, unabisha hodi nyumba kwa nyumba na watu wazima wanakukunjia mikono ya shati uwapime presha. Mimi nimepata mistari minne mwishoni.

Niseme lililo moyoni: nimeona wivu. Baba alipokuwa akibandika ripoti zetu za shule ukutani, yangu ilikaa juu ya yako kila muhula. Mama alipoanguka na kupooza, niliacha shule nimwogeshe na kumlisha, wewe ukaendelea. Koti hilo lilikuwa langu. Hata hivyo, hongera.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nimekaa chini. Sisi wazima, Shangazi anakusalimu. Pole na kichwa.

Usidhani ni raha. Nusu ya milango hufungwa nikikaribia. Fundi viatu wa pale kona aliniambia atapimwa akiugua. Nikamjibu akishaugua ni wa daktari, mimi nawatafuta wasiougua bado. Kazi yangu yote ni kuwahi: maji yachemshwe, chumvi ipunguzwe, watoto wapate chanjo, presha ijulikane mapema.

Mama hakupimwa hata siku moja, Dada. Aliangukia beseni la nguo, na asubuhi yake alikuwa anacheka na majirani. Shangazi naye nilimkuta na presha ya 170 akiwa anajiona mzima kabisa, na sasa anameza kidonge kila siku. Upande wa Mama ipo, upande wa Baba ipo. Nakuomba uende zahanati iliyo karibu, upimwe, uniandikie namba. Yangu ni 118 kwa 76.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumai mnaendelea vizuri. Mimi sijambo, tena sana.

Haya, umeomba, nimepima. 116 kwa 74. Nimekupita kwa mbili, juu na chini, kama zamani. Mwambie na Shangazi.

Dada yako


21 Aprili

Dada,

Shikamoo. U hali gani? Huku si kwema sana.

Namba zako nilizisoma kwenye mkutano wa mtaa kwa kujivunia, watu wakakupigia makofi. Shangazi akasimama, akasema kama mtoto wa kaka yake anayeshinda kwenye moto wa pasi yuko hivyo bila dawa, basi na yeye dawa hazihitaji. Tangu siku hiyo hajameza hata kimoja. Nimembembeleza, nimenuna, nimelia. Jana nilimpima, nikakuta 184.

Na mimi niseme langu. Nani anampelekea vidonge? Nani anamkata kucha? Lakini neno lako la mbali ndilo linalosikika, na barua zako ndizo zinazolala chini ya mto wake. Ulidhani wivu ni wako peke yako? Mwandikie aanze tena, wewe atakusikiliza.

Halafu, Dada, kichwa kinachogonga kila alasiri hakifanani na 116. Ulipimwa mkono gani? Walikukalisha kwanza upumzike?

Mdogo wako


29 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikupimwa mkono wowote.

Siku ile nilifika mlangoni pa zahanati, nikamwona binti mwenye koti kama lako, nikageuza. Namba nilizitunga juu ya meza ya pasi. Nilichukua zako nikatoa mbili mbili. Nisingevumilia unishinde na kwa hilo.

Barua yako niliipata jana mchana, nikaomba ruhusa, nikaenda na aproni yangu hivyo hivyo. Walinikalisha, wakapima mara tatu, kisha wakaitana. 192 kwa 114. Daktari akauliza kama nyumbani kuna aliyewahi kuanguka, nikamweleza habari za Mama. Nimeanza vidonge leo.

Makofi yale yalikuwa ya uongo, na nilikuwa karibu kumzika Shangazi kwa uongo huo. Barua hii isome palepale uliposomea ile nyingine, mbele ya watu wale wale. Usiruke neno, hata la wivu.

Dada yako


8 Mei

Dada,

Shikamoo, na pole. Unaendeleaje? Vidonge vinakukubali? Usiache hata ukijisikia nafuu.

Nimesoma yote, sikuruka. Walicheka kidogo pale pa kutoa mbili mbili. Nilipofika 192, fundi viatu akaanza kukunja mkono wa shati bila kuambiwa. Shangazi aliniomba maji. Akatoa kidonge kwenye fundo la kanga, kumbe alikuwa navyo muda wote, akameza mbele yao. Kisha akasema, "Huyo dada yako, hata kwenye ugonjwa lazima awe wa kwanza."

Watu kumi na tisa walipanga foleni siku ile. Mimi nimebisha hodi miezi minne, wewe umewatoa nyumbani kwa barua moja. Nimeona wivu, sikufichi.

Nimekuandika kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza, juu ya Shangazi, na mbele ya jina lako nimeacha nafasi ya namba. Kila wiki niletee namba. Shuka taratibu, Dada, mpaka unipite kweli.

Mdogo wako