Sauti ya Pili

Mshangano, Songea
14 Agosti 2002

Dada yangu Hilda,

Shikamoo. Ni mimi mdogo wako, Dastan. Nakuuliza hali yako, ya shemeji Saleh na ya watoto, na kama mikorosho ya Nalasi imeshaanza kutoa maua. Sisi huku tupo, ila baridi ya mwaka huu imemshika mama magoti. Anatembea kwa fimbo, lakini kula anakula.

Najua utashangaa kupata barua yangu. Tangu tumzike baba mwezi wa tatu hatujaandikiana, na sababu ninayo mimi. Nivumilie, nitaifikia.

Bado nafanya kazi kwa Bwana Swalehe, kwenye duka lake la video hapa mjini. Siku hizi tumeacha kanda. Tunarekodi harusi na jubilei kwenye diski, na wateja huzitazama kwenye kompyuta kabla ya kuzichukua. Programu ya kuzichezea alitutengenezea fundi mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Edmund, yote kwa Kiswahili. Ukitaka jambo, unabofya neno lake. Neno ambalo diski haiwezi kulitimiza linafifia, linakuwa rangi ya majivu, na chini yake kuna mstari unaoeleza kwa nini. Kwa mfano, chini ya “Sauti ya Pili”, neno la kusikiliza sauti nyingine juu ya picha ileile, utasoma: “Haipatikani. Diski hii ina sauti moja tu.” Zamani watu walibofya neno hadi wakatugombeza kwamba mashine ni mbovu. Sasa wanasoma, wanaelewa, wanaacha.

Kila Jumatano mama hupita dukani kutazama diski ya jubilei yao ya ndoa, niliyoihamisha kutoka kwenye kanda ya kabla baba hajaugua, ili amwone baba akicheza ngoma ya lizombe na shati lake jeupe. Kompyuta haijui, ila yale maneno anayapenda. Yaliyofifia anasema hayajaiva.

Jumatano ya wiki mbili zilizopita, saa nane mchana, nilikuwa nimeinama nafunga waya. Mama akaniita. Akasema, “Dastan, hili limeiva.”

Nikainua kichwa. “Sauti ya Pili” lilikuwa jeusi tii, na mstari wa chini haukuwepo. Nikamwambia mama ni hitilafu, nikamsindikiza hadi mlangoni. Nikajaribu diski nyingine nne, na kwenye zote neno lilififia kama kawaida. Nikarudisha ya jubilei. Jeusi.

Nilimpigia Edmund simu kutoka posta. Akasema haiwezekani. Programu husoma alama iliyoandikwa kwenye diski, na alama ikisema sauti moja, neno haliwezi kukolea. Tena diski zetu zikishaandikwa hazibadilishiki. Akaniuliza ni nani aliyeiandika alama hiyo. Nikakata simu.

Jumatano iliyopita nilimdanganya mama kwamba mashine inatengenezwa. Leo amekuja tena, na Bwana Swalehe alikuwepo, akaiweka diski mwenyewe. Mama akamwonyesha neno kwa ncha ya fimbo, akasema kama limeiva libofywe. Nikanyoosha mkono nimzuie, nikachelewa. Bwana Swalehe akabofya.

Picha iliendelea: baba anacheza, watu wanapiga makofi. Lakini ngoma haikusikika. Ilisikika sauti ya baba, ya mtu aliyelala, pumzi zikimkatika. Mama alishika ukingo wa meza.

Dada, sauti ile niliirekodi mimi, siku tatu kabla baba hajafa. Alisema hivi, na sipunguzi neno: “Hilda, mwanangu, nilikufukuza kwa sababu ya dini ya mumeo. Nilikosea. Njoo nyumbani na Saleh na watoto. Mlango ni wenu.” Aliniagiza niiweke kwenye diski ya jubilei, niliyokuwa bado naitengeneza, nikuletee. Niliiweka, kwa kuwa niliogopa kumdanganya mtu anayekufa. Kisha nikaandika alama kwamba diski ina sauti moja, ili asiwepo wa kuweza kuichagua. Miaka saba nilimwogesha na kumgeuza kitandani, na mwishoni jina lililomtoka ni lako. Wivu ulinipofusha. Siku ya mazishi uliposimama barabarani ukaniuliza kama alikutaja, nilikuambia hapana. Ukarudi Nalasi bila kuingia ndani.

Lipo jambo jingine, nalo ndilo linalonitisha ninapoandika. Baada ya maneno yale baba alinyamaza, nami nilizima kinasa sauti. Nakumbuka kidole changu kilivyobonyeza. Lakini leo dukani sauti haikuishia hapo. Ulifuata ukimya, akakohoa, kisha akasema taratibu, “Dastan, bado hujamwambia.”

Mama alisikia. Bwana Swalehe alisikia, akaomba hifadhi kwa Mungu na kutoka nje. Nilipotazama tena, neno lilikuwa limefifia na mstari umerudi. Sina namna ya kukusikilizisha.

Njiani mama hakunigombeza. Alisema tu niandike leo hii, na nisithubutu kuiita hitilafu.

Anawasalimu wote. Amekwisha kutandika kitanda cha chumba cha mbele, na anasema mje kabla mvua hazijaiharibu barabara ya Tunduru. Nisalimie sana shemeji na watoto. Nitakuwa stendi kila jioni basi lenu linapoingia. Usipotaka kuongea nami, nipe mizigo tu, nitatembea nyuma yenu.

Mdogo wako niliyekukosea,
Dastan