Maji Safi Mno

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, kisha umgawie wifi na yeyote hapo nyumbani ambaye hujagombana naye wiki hii. Natumaini mgongo umetulia, na kwamba ile dawa ya kuchua unaipaka badala ya kuitazama tu. Mimi ni mzima, ila macho yanachoka mapema siku hizi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema maji ya ghuba hayajawahi kuwa safi namna hii, hata ukisimama kwenye jukwaa unaziona kamba unazofugia chaza mpaka mwisho wake. Unasema umezihamishia zote kule kwenye miamba, ambako maji ni maangavu zaidi, ili chaza wapate nafuu. Kisha ukaandika tena kwamba kukonda kwao ni kazi ya binti yako, aliyewabananisha kwenye kamba kwa tamaa, na kwamba ulifanya vyema kumfukuza. Nilipofika hapo niliiweka barua chini, nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Kaka, umezoea kunitania kwamba nalipwa mshahara kwa kutazama vumbi. Leo nivumilie nikueleze hilo vumbi. Boti ya maabara ikirudi asubuhi inaniletea chupa za maji ya ghuba. Naweka matone ya iodini, naacha maji yatulie hadi kesho yake, kisha kile kilichotuama chini nakitazama kwa hadubini. Zamani sikujua nianzie wapi kuhesabu. Kulikuwa na vijimea vya kila namna, vingine kama vijiti vya kioo, vingine vimeshikana kama shanga. Wataalamu wanaviita fitoplanktoni. Havina mizizi wala shina, vinaelea tu karibu na uso wa maji na kuishi kwa jua. Vidudu vya baharini vinavila, samaki wadogo wanakula vidudu, na hao chaza wako wanaochuja maji mchana kutwa hutegemea vijimea hivyo hivyo. Hata oksijeni unayoivuta ili unigombeze, karibu nusu imetengenezwa na vijimea vya baharini kama hivyo.

Sasa chupa zinakuja karibu tupu. Mkuu wa maabara alidhani nimekosea. Akakaa mwenyewe kwenye kiti changu, akatazama, akainuka na kwenda kusimama dirishani. Baadaye alinieleza kwamba maji ya juu yamepata joto mno, yamekaa juu ya yale ya baridi kama mfuniko wa sufuria. Mbolea ya vijimea iko chini, jua liko juu, na viwili hivyo havikutani tena kama zamani. Vijimea vinakufa njaa na mwanga umejaa tele.

Ule ukijani uliokuwa ukimkera baba, uliotufanya tusione miguu yetu tukioga, ndio uliotulea. Maji yako yamekuwa safi kwa sababu hayana kitu. Umewatoa chaza kwenye njaa ukawapeleka kwenye njaa kubwa zaidi, na hata kama wangepangwa mmoja mmoja kwa kila kamba, wangekonda vilevile. Naumia kukuandikia haya, maana najua hiyo kazi ndiyo maisha yako.

Lililobaki ni gumu zaidi. Nahodha wako, kama ulivyomwita tangu alipokuwa akiendesha beseni uani, yuko kwangu. Tangu siku ulipomfukuza analala chumba cha nyuma, na aliniapisha nisikwambie. Mchana anauza vipuri kwenye duka la fundi wa injini. Jioni tukila, anapima kwa vidole juu ya kitambaa cha meza nafasi aliyoacha kati ya chaza na chaza, anatafuta alikosea wapi. Nilichoka kuviona vile vidole. Jumamosi nikampeleka maabara, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamwonyesha kwanza maji ya zamani tuliyoyahifadhi, kisha ya juzi.

Nilidhani atafurahi. Nilitarajia acheke, au angalau akuseme kidogo, nami ningemwitikia kwa moyo mmoja. Alitazama muda mrefu, kisha akalia mpaka nikaizima taa ya hadubini. Alisema afadhali lingekuwa kosa lake, maana kosa lake angelirekebisha. Halafu akaniuliza, baba sasa atafanya nini? Mimi shangazi mtu, niliyezoea kuwa na jibu la kila kitu, nilichukua zile chupa nikaanza kuziosha.

Usizihamishe kamba tena, kaka. Huna pa kuzipeleka. Na ukijibu, mwandikie yeye kabla yangu, hata mstari mmoja.

Mpe wifi mkono wangu, na chunga mgongo. Sisi wawili tunakusalimu, ingawa mmoja wetu hajui kwamba nimekutumia salamu zake.

Dada yako,
Mtazama Vumbi