Shemeji Amenipiga Risasi, Sasa Anataka Niseme Kisanduku Kilianguka

Mpendwa mshauri Bi Eudora, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana humu ndani hakuna wa kumwambia na kichwa changu kimefika mwisho.

Mimi ni Nelda Stidham, naishi na mume wangu Garvin huku vilimani nyuma ya kanisa la Wabatisti, na pengine jina langu unalijua, maana kila masika ni mimi ninayewaitia wanaume wa kwetu bata mzinga wa mwituni wakienda kuwinda, kwa kisanduku cha kuigia sauti cha mwerezi alichokichonga marehemu baba yangu, chenye kifuniko cha mti wa jozi, ambacho ukikikwaruza ukingo wa kushoto linaongea jike kijana, na ukingo wa kulia linaongea jike zee lenye maneno mengi, na Garvin hunitania kwamba huo wa kulia ni mimi mwenyewe.

Sasa Jumatatu asubuhi nilishuka peke yangu mpaka kijitoni, umande ulikuwa mwingi na kisanduku kikawa kinakoroma, nikakaa chini ya mwaloni, nikatoa kitambaa changu cha buluu nikakifuta, nikapaka chaki upya, nikajaribu, nikafuta tena, mpaka sauti ikatoka safi na dume likajibu ng'ambo. Likajibu mara ya pili karibu zaidi, halafu likanyamaza, na wewe ni mtu wa huku, unajua likinyamaza huwa linakuja kwa miguu. Nikasikia majani makavu yakichakarika upande wa vichaka. Hatua, kimya. Hatua tena, kimya. Nikakwaruza taratibu kabisa, pumzi nimeibana, nikasogeza kitambaa nifute vumbi la chaki, na hapo ndipo bunduki ikalia.

Ganda la mwaloni liliniruka usoni. Kisanduku kilinitoka mkononi kama mtu amekipiga teke. Nikalala chini nikapiga yowe, na anayekuja mbio kutoka vichakani ni Loyd, mdogo wake Garvin, mweupe kama unga.

"Mungu wangu, shem! Nilidhani ni ndege!"

"Ndege gani, Loyd? Ndege gani huyo?"

"Niliona kichwa! Cheupe na buluu, kinatikisika!"

"Hicho ni kitambaa changu, we mpumbavu!"

Akakaa chini akalia. Mimi nikaona damu kwenye mkono wangu, chembe moja ya risasi imeingia juu kidogo ya kifundo cha mkono na haikutokea upande wa pili. Akanifunga kwa kile kile kitambaa, na neno la kwanza alilolisema alipomaliza kulia ni, "Usimwambie kaka. Shem, nakuomba, kaka ataniua."

Na hapo, Bi Eudora, ndipo ninapokwama, maana anaweza kuwa anasema kweli. Hawa wawili walinuniana tangu baba yao alipofariki, kwa ajili ya shamba, wakapatana Krismasi iliyopita mama yao akiwa mgonjwa kitandani, na mama anasema hilo ndilo limemnyanyua. Garvin ni mtu mwema lakini akikasirika hasikii, na bunduki zetu zinakaa nyuma ya mlango wa jikoni.

Loyd akachukua kisanduku, kilikuwa na ufa ubavuni na tundu mbili za risasi, akasema atakitengeneza mtu asijue. Jana amekirudisha. Ameziba tundu, amemwaga gundi nene kwenye ufa, amepiga msasa kingo zote mbili mpaka zimelala sawa kama meza, halafu akapaka mafuta ya bunduki ili king'ae. Nimekijaribu nikiwa bafuni na maji yakimwagika. Kinalia kama bawaba ya mlango wa choo. Loyd anasema, "Sema kilianguka kwenye pikapu ukakipitia kwa tairi. Nani atajua?"

Garvin atajua. Jana hiyo hiyo baada ya chakula alinyoosha mkono. "Lete nikisikie, mke wangu."

Nikamwambia nimekipaka chaki mbichi, akiache kikauke.

"Tangu lini chaki inakauka?" Akaniangalia. "Na hilo sweta? Joto lote hili?"

"Nasikia baridi."

Aliendelea kuniangalia tu, mpaka nikainuka kwenda kuosha vyombo, na maji yalipogusa mkono nikauma mdomo nisipige kelele, maana sasa umevimba na una moto. Jumamosi wanaume wa kanisa wanakwenda kuwinda pamoja, Garvin na Loyd wamepangwa upande mmoja, na mimi ndiye wa kuwaitia. Nikisema, naogopa ndugu kumwaga damu. Nisiposema, naogopa Loyd kubeba tena bunduki ile. Nifanye nini?

Nelda

*

Nelda,

Gazeti letu hutoka Jumatano na wewe ulikuwa na Jumamosi mbele yako, kwa hiyo nilifungua barua yako nikashika simu hapo hapo. Garvin na wewe mmeniruhusu niandike yaliyofuata, kwa sababu vilima hivi vimejaa watu wenye bunduki na aibu.

Swali langu la kwanza unalikumbuka. "Huo mkono umeuona daktari?"

"Hapana, Bi Eudora. Daktari atauliza."

"Ndiyo kazi yake, mwanangu!"

Nilikugombeza na bado nakugombeza. Umebeba risasi mwilini kwa siku kadhaa ili mtu mzima asifokewe na kaka yake. Huo si upole, Nelda. Ungeweza kupoteza mkono, na Jumamosi mwingine angeweza kupoteza maisha. Nilikuambia mwambie mumeo leo, mchana, ofisini kwa mchungaji, na kabla ya kutoka nyumbani zifungie zile bunduki na funguo ukae nazo wewe.

Ukafanya hivyo, na nakupongeza. Ulinisimulia kwamba Garvin alikusikiliza mpaka ulipomaliza. Akapandisha mkono wa sweta lako mwenyewe, pole pole, akaangalia.

"Nani?"

"Loyd."

Akasimama, na Mchungaji Tolliver akasimama pia, akauziba mlango kwa mwili wake.

"Nipishe, mchungaji," Garvin akasema. "Nampeleka mke wangu hospitali."

Ulikuwa umemwogopa mtu ambaye hakuwepo. Usijilaumu sana, hofu ndivyo ilivyo. Hasira aliyokuwa nayo aliitoa kwa simu akiwa nje ya chumba cha daktari, na ninavyosikia wauguzi wote waliisikia: "Jumamosi hukanyagi msituni. Nenda kwa afisa wa wanyamapori mwenyewe, leo, kabla sijaenda mimi." Loyd akaenda. Leseni yake ya kuwinda imezuiwa, kesi yake inasubiri, na ndugu hawa wawili hawasemeshani tena. Mama yao ameambiwa na hajafa. Alilia, kisha akaomba supu.

Sasa kwa simu unaniuliza uwapatanishe vipi. Usiwapatanishe. Usibebe salamu za huyu kwenda kwa yule. Loyd akitaka kurudi, njia ya kwenu anaijua, na aje mikono mitupu, bila bunduki. Na wewe Loyd, najua unalisoma gazeti hili: ulifyatua kabla ya kujua unafyatulia nini, halafu ukamwachia aliyejeruhiwa kazi ya kudanganya. Rudi darasani ukajifunze usalama wa bunduki, pamoja na vijana wa shule, ukae kiti cha mbele.

Kuhusu kisanduku. Yeyote mwenye kisanduku cha mbao asikipige msasa. Sauti inatoka kwenye ule mpindo mwembamba wa ukingo, ukiulaza umeiua. Kikianza kuteleza na kung'aa, kisugue kwa sponji kavu ya kusugulia vyombo, mara chache na kwa mkono mwepesi, kisha paka chaki isiyo na nta. Mafuta marufuku, hata ya vidole. Skrubu ya kifuniko izungushe unene wa unywele tu, kisha sikiliza, na kabla ya kuigusa weka alama ya penseli ujue ilipokuwa. Ukitembea nacho, weka kitambaa kati ya kifuniko na ukingo, kisikwaruze chenyewe.

Chako, Nelda, ukingo wa kulia umekwisha, nisikudanganye. Wa kushoto unaweza kuokolewa. Mpelekee mchongaji mwenye patasi nzuri, atoe ile gundi nene, aurudishe mpindo kidogo kidogo. Sauti haitakuwa ile ya baba yako. Itakuwa nyingine, na dume halitauliza.

Na mkono ukipona, rudi msituni. Keti na mti mnene kuliko mabega yako nyuma yako. Kitambaa chekundu, cheupe au cha buluu kibaki nyumbani, maana hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Ukisikia hatua usizozijua, usipunge mkono, usikwaruze, usingoje kuona ni nani. Fungua mdomo upige kelele kwa sauti yako mwenyewe: "Kuna mtu hapa!"

Bi Eudora Kimbrel