Mabao Ishirini na Manne Uliyomfunga Shemeji Yako

Nyumba ya 14, Mtaa wa Foundry,
Harrowclough, Lancashire.
Jumanne, 30 Oktoba 1888

Mpendwa kaka Jabez,

Dakika hii hii mpwa wako amesimama. Alijishikiza kwenye ule mpira uliomtumia, ukamteleza, akakaa chini kwa makalio, akautazama kama mtu aliyetukanwa. Kisha akacheka, akauzaba kofi. Ana meno manne sasa. Nimemtia ndani ya kapu la nguo ili nipate kuandika, naye anatafuna kamba ya aproni yangu.

Hujambo lakini? Kifua chako kimepona? Huko Thornwick moshi ni mwingi kuliko huku, nawe hupendi kuvaa skafu. Na yule mama mwenye nyumba, bado anakupa uji mwembamba? Sisi hatujambo, kwa miili. Mama Schofield, mama mkwe wangu, magoti yanamsumbua kwa hii mvua, ila mdomo wake ni mzima kabisa, ashukuriwe Mungu. Mimi nimepungua kidogo. Mtoto bado ananyonya.

Kuhusu mpira, asante. Nilipoufungua na kusoma kadi yako, "Kwa mpwa wangu, huu ndio wenyewe wa yale ishirini na manne," niliusukuma chini ya kitanda. Amos aliukuta. Nikadhani atautupa mtoni. Akachukua kipande cha mafuta ya ng'ombe, akaketi karibu na moto, akaupaka mshono kwa mshono ili ngozi isipasuke, akampa mwanawe. Akasema, "Mpira una kosa gani?" Basi huyo ndiye mume wangu.

Sasa nataka tuzungumze habari za ile mechi. Najua ulikuwepo. Lakini wewe uliiona kutoka upande wako.

Asubuhi ile ulipopita kwetu nilifurahi kama msichana. Ulikuwa na viatu vipya na saa ya mnyororo, ukampakata mtoto na kumwambia kwamba mjomba wake analipwa kwa kucheza, hebu fikiria. Amos akakuuliza, "Shemeji, leo mtatufunga ngapi?" Ukasema, "Itategemea njaa ilivyo." Akasema, "Basi mkishiba mseme." Mkacheka wote wawili. Ndipo ukaweka kikombe chini ukasema, bila kuulizwa na mtu, "Tukifika kumi narudi nyuma. Mimi ni mtoto wa bonde hili, shemeji, sijawa bwana mkubwa."

Hakuna aliyekulazimisha kusema hivyo. Ni desturi yetu, tumekua nayo. Timu ikishafikisha kumi, mfungaji wao anakwenda kusimama na mabeki, na beki naye anajaribu bahati yake mbele. Baba yetu alifanya hivyo. Hata wale walevi wa Shawforth hufanya hivyo.

Nami nikaenda uwanjani moyo ukiwa mweupe. Nilijua mtatufunga. Nyinyi ni watu wa mshahara, sisi ni watu wa kiwandani, wawili kati yetu walikuwa wametoka zamu asubuhi ile ile bila kulala. Kufungwa si aibu.

Wajua jinsi goli letu la chini lilivyo. Bao likiingia, mpira unapita kati ya miti miwili na kuteremka moja kwa moja mpaka kijitoni, na anayeufuata ni mlinda mlango. Kila bao Amos alishuka, akaingia majini, akapanda. Watu wakaanza kumzoea. Bibi Entwistle, jirani yangu, akampigia kelele, "Amos, ukipanda tuletee na ndoo ya maji basi, si uko njiani." Wakacheka. Hata Amos alicheka, mara zile za mwanzo.

Lilipoingia la kumi nilikuona ukigeuka. Ulitembea mpaka kwa mabeki wenu, ukakunja mikono. Kaka, sikufichi, machozi yalinilengalenga. Nikamwambia Bibi Entwistle, "Unamwona? Huyo ni ndugu yangu." Akasema, "Namwona. Amelelewa."

Ulisimama huko mpaka la kumi na nne. Tungeishia kumi na saba hivi, watu wangekwenda kula, na mambo yangeisha.

Ndipo wale waliokuja na treni yenu walipoanza. "Preston waliwatia Hyde ishirini na sita mwaka jana! Wekeni ishirini na saba!" Mmoja alianza, kisha kumi, kisha upande wote ule ukawa unaimba hesabu. Nikaona kichwa chako kinainuka. Nakujua tangu utotoni, Jabez. Hivyo hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiinua kichwa mama alipokata keki.

Bao la kumi na tano likaingia, Amos akashuka kijitoni. Alijikwaa, akaanguka majini mzima, na uwanja mzima ukamgeukia kumcheka. Sikuweza kumtazama. Kwa hiyo nikakutazama wewe.

Ulikuwa umekwenda mbele, umesimama na nahodha wenu katikati ya uwanja, mbali nami kama kutoka hapa mpaka kanisani. Bila shaka ulidhani uko mbali. Umekaa mjini mpaka umesahau kwamba sote tuliolelewa kwenye mashine za kufuma tunasoma midomo. Wewe mwenyewe ulinifundisha, nilipokuwa na miaka kumi nikiogopa kelele. Uliniambia, "Usisikilize, tazama tu."

Nikatazama. Ulisema, "Mpigeni upande wa kushoto. Jicho lile limekufa."

Nahodha wenu akauliza kama una hakika.

Ukasema, "Dada yangu ndiye aliyeniambia."

Nilikuambia mimi, ndiyo. Mwezi wa Agosti, viwanda vilipofungwa kwa likizo, ulipokuta ninalia jikoni. Nilikuambia jinsi kile kijiti cha kupitishia uzi kilivyoruka kutoka kwenye mashine ya jirani na kumpiga Amos, na kwamba haoni tena upande ule, na kwamba msimamizi hajui. Akijua, atamnyang'anya mashine zake nne na kumpa ufagio. Nilikuambia kwa sababu baba na mama hawapo, na wewe ndiye uliyebaki. Ulinishika mkono. Ukasema limeingia kaburini.

Kumbe lilikuwa limeingia mfukoni.

Baada ya hapo sikuhesabu, wengine walihesabu. Yote yalipita kushoto. Amos alikuwa akigeuza shingo kama kuku, akiwahi kwa kusikia tu, akichelewa. Mara mbili alijigonga kwenye mti wa goli. Mtoto alilia nikamnyonyesha pale pale nimesimama kwenye matope, nami nikimtazama baba yake akishuka na kupanda, akishuka na kupanda, na mjomba wake akiinua mikono juu. Giza lilipoanza refa akapuliza. Ishirini na manne. Hata rekodi yenyewe hamkuipata, Jabez. Mliuza yote, mkakosa hata cha kubeba.

Kisha tukala pamoja kwenye baa ya Lamb, kama ilivyo kawaida, timu mbili meza moja, wanawake tukigawa pai ya viazi. Ulikaa karibu na Amos ukampiga bega. Uliponiona ukasema, "Ongeza mchuzi, dada." Nikaongeza. Ulinitazama usoni hukuona kitu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba zamani ungeona.

Sasa sikia kilichotokea baada ya nyinyi kupanda treni.

Watu wanasema Amos aliuza mechi. Caleb Ogden, mwenyekiti wa klabu, ndiye aliyeanza. Alisema mbele ya watu, "Hakuna mlinda mlango anayefungwa ishirini na manne kwa haki. Shemeji kwa shemeji, hawakosi kuelewana." Mwingine akadakia, "Umeona ile saa ya mnyororo? Nusu yake iko Mtaa wa Foundry." Wiki nzima imekuwa hivyo. Kule kiwandani kelele ni zile zile, watu wanasema kwa midomo tu, na midomo yote inasema neno moja. Amos anawasoma wale wa kulia. Wa kushoto hawaoni, hiyo ndiyo nafuu yake. Alinitania hivyo mwenyewe, nikacheka, kisha nikaenda uani.

Jumamosi hii, saa kumi na moja jioni, kamati inamwita pale Lamb. Wakimtia hatiani watamfuta klabu na jina lake litabandikwa mlangoni. Unajua maana yake huku kwetu. Hatapewa kiti baa yoyote, na mtoto huyu ataitwa mwana wa muuzaji mpaka aote ndevu.

Wala hawezi kujitetea. Akisema, "Sikuona," msimamizi wa kiwanda yuko kwenye kamati hiyo hiyo, amekaa wa pili kutoka mlangoni. Amos ana njia mbili tu, aitwe mwizi au apewe ufagio. Amechagua kunyamaza.

Na bado anakutetea. Jana Mama Schofield alikutaja kwa jina ambalo sitaliandika. Amos akamwambia, "Mwache, mama. Jabez alisikia watu wanaimba akasahau. Hata mimi ningesahau." Hajui nilichokisoma midomoni mwako. Sijamwambia. Nimelala nalo siku hizi zote, limekaa kati yetu kitandani. Nikimwambia, atajua kwamba ndugu yangu alimuuza, na kwamba bidhaa ilitoka jikoni kwangu.

Mara ya kwanza nilipokaa kuandika nilitaka kukuambia usije tena. Niliandika hivyo. Karatasi ile nikaiwashia moto wa asubuhi.

Maana nakukumbuka pia vingine. Utotoni uliniachia viatu vyako ukaenda kazini na vitambaa miguuni, theluji imejaa mpaka mlangoni. Mtu aliyefanya vile hajafa, amepotea tu mahali fulani ndani ya hiyo fulana yenye milia. Amos akisikia nikisema hivi atasema nakusifu mno. Sikusifu. Nakudai.

Njoo Jumamosi. Treni ya saa sita na nusu itakufikisha mapema. Najua mna mechi, mwambie nahodha wenu unaumwa, maana hata yeye unamdai kidogo. Ingia Lamb, simama mbele ya Ogden na wenzake, useme ukweli ule ambao hauna jicho ndani yake. Useme hakukuwa na makubaliano yoyote. Useme uliahidi kurudi nyuma kwenye kumi, ukarudi, kisha ukasikia hesabu ya Preston ukaitamani, ukavunja desturi ya bonde letu kwa ajili ya sifa. Basi. Watakuzomea. Bibi Entwistle atakuambia neno mlangoni, huyo siwezi kumzuia. Huenda usiweze tena kunywa Harrowclough kwa miaka. Lakini wewe una Thornwick. Amos hana kwingine.

Habari za jicho nakukataza. Hilo ulilisema mara moja, latosha.

Jumapili yake ndiyo ubatizo. Tumekungoja miezi kumi, mchungaji ameanza kunitazama vibaya. Nafasi ya msimamizi wa ubatizo bado ni yako, na jina bado ni lako, Jabez, kama tulivyosema. Sijalibadilisha. Lakini kaka, ukija Jumapili bila kupita Lamb Jumamosi, utanikuta mlangoni mwa kanisa na mtoto mikononi, na sitakupa umbebe. Mchungaji atauliza jina, nami nitataja la baba yake.

Nimekaza maneno, najua. Mkono wa kuandika haujui kubembeleza kama mdomo. Ungekuwa hapa ningekwisha kukupa chai.

Msalimie shangazi Keziah, mwambie ile dawa ya kikohozi ilimsaidia mtoto, na kwamba sweta lilimtosha tu mikono. Wasalimie wale mabinti wake wawili. Mama Schofield hakusalimu, lakini aliuliza kama mahali unapolala kuna unyevu, na kwake hiyo ni salamu. Amos angekusalimu kama angejua naandika.

Mungu akulinde miguu na kifua, na akurudishie kile kichwa chako cha zamani. Kila jioni nakuombea, hata wiki hii. Wiki hii nimekuombea huku nimeuma meno, lakini nadhani Yeye amezoea kusikia hivyo.

Kapu limenyamaza, mtoto amelala na kamba mdomoni. Kiwanda kimepiga king'ora na sasa hivi namsikia Amos uani, anavua viatu, ananiita nimshikie taa maana ngazi zile ziko upande wake wa kushoto. Basi naikunja hapa hapa. Ni mimi, ambaye mpaka Jumamosi bado ni dada yako.