Ng'ombe wa Kipaimara

Samuye, 12 Mei 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepata nafuu na vumbi la mawe yanayosagwa kwenye karasha halikusumbui sana. Sisi wazima. Mama anakusalimia, na mdogo wangu Pantaleo kila akisikia pikipiki anakimbilia nje akidhani ni wewe.

Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu ukikasirika unakata. Nasibu, dereva wa fuso la mpunga, ameahidi kukufikishia barua hii hapo Rwamgasa.

Baba, Mama ameniambia unataka ng'ombe wetu Madoa achinjwe siku ya kipaimara changu mwishoni mwa Juni, na kwamba umeshatafuta turubai na muziki. Nakushukuru kwa moyo huo. Lakini duara mnalochimba limejaa maji tangu masika, na maziwa ya Madoa ndiyo yanayolipia chakula changu cha shuleni. Vingine vyote Mama ameshavikata: king'amuzi, mkate, hata soda za wageni. Asubuhi tunakula michembe, viazi alivyovikata na kuvianika mwenyewe juu ya jabali. Mwanzoni Pantaleo alinuna. Sasa anaidokoa chunguni kabla haijaiva. Madoa akichinjwa, sioni kitakachobaki cha kukata ila shule.

Naomba iwe Misa tu na chakula cha nyumbani.

Binti yako,
Mbuke


Rwamgasa, 20 Mei 2024

Ng'wana wane Mbuke,

Marahaba. Mimi mzima, kifua kinakuja na kuondoka. Barua nimeisoma yote, na kweli sikuwa na pa kukata.

Wewe bado mtoto. Huku machimboni mtu analisha wenzake kama walivyomlisha. Nimekula harusi ya binti wa mwenzangu Ngassa, nimekula ubatizo wa wajukuu wa watu. Mimi nisipowalisha watasema Mihayo kaishiwa. Tena kadi za mchango nimeshagawa, na wengi wameshatoa. Niwarudie niseme nini? Binti yangu kakataa nyama?

Mwenye bucha atatoka Shinyanga mjini Jumapili ya tarehe 9 kuja kumchukua ng'ombe akamnenepeshe kwanza. Mwambie mama yako asimpeleke malishoni siku hiyo.

Soma kwa bidii.

Baba yako


Samuye, 10 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Kifua je? Mama anasema unywe maji ya moto kila asubuhi, na anajua hunywi.

Mwenye bucha alikuja jana na kamba yake. Mama alimkaribisha kiti, akampa michembe na kikombe cha maziwa. Yule bwana akasifu, "Mama Mbuke, maziwa haya matamu!"

Mama akamjibu, "Kunywa vizuri, shemeji. Ukishamfunga hiyo kamba, ndiyo basi."

Alicheka mpaka maziwa yakampalia. Kisha akakunja kamba yake, akasema, "Mwambieni Mzee Mihayo aje amfunge mwenyewe." Akaondoka.

Baba, usimkasirikie Mama. Hao unaowaogopa, si duara lao ndilo hilohilo lenye maji? Labda nao wamechoka kuchangia, wanasubiri mmoja aseme tuache. Mama yake Asteria, yule ninayekaa naye dawati moja, amekubaliana na Mama wapike pamoja siku hiyo, maana naye Asteria anapata kipaimara.

Ukiniuliza zawadi ninayotaka, nataka wewe uwepo kanisani.

Binti yako,
Mbuke


Samuye, 19 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Tuna afya, namshukuru Mungu.

Nasibu anasema alikupa barua mkononi, ukaisoma umesimama, ukaitia mfukoni, ukarudi kazini. Ukipiga simu Mama anapokea mbio, lakini unauliza habari za mvua tu. Kama nimekuvunjia heshima, nisamehe. Sikutaka kukuaibisha. Madoa bado yupo, tunakungoja uamue.

Binti yako,
Mbuke


Rwamgasa, 25 Juni 2024

Ng'wana wane,

Marahaba, binti yangu. Kifua kimetulia, na maji ya moto nakunywa, mwambie mama yako.

Hukunivunjia heshima. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Nikaanza na Ngassa, kwa kuwa ndiye mwenye mdomo kuliko wote. Nikamwambia, "Sherehe hakuna, mchango wako huu hapa." Akazipokea akazihesabu, nikajua sasa nitasimangwa. Kumbe anasema, "Mihayo, hizi nilizikopa. Umeniokoa." Nilipotoka kwake habari zilikuwa zimenitangulia. Wengine walikuwa wananingoja mlangoni, mikono wazi! Mwenzetu Ghati peke yake ndiye hajaacha kunitania, tangu nimwambie tutakula nini ananiita Baba Michembe.

Mwenye muziki amekataa kurudisha kianzio. Hicho kimekwenda, ndiyo ada ya kunifundisha. Ila wenzangu wa duara wamesema hela zikirudi mfukoni zitayeyuka, hivyo tumekodi pampu kwa pamoja. Tangu juzi maji yanashuka. Dhahabu sijaiona, lakini ngazi ya chini tumeiona.

Nakuja Jumamosi na fuso la Nasibu. Mama yako asinunue chochote. Apike michembe na aongeze karanga. Jumapili asubuhi, kabla ya Misa ya kipaimara chako, nitamkamua Madoa mimi mwenyewe, kama bado ananijua.

Baba yako